Tundu Hili Linatazama Wapi?

Msimu wa ligi ukianza, vijana wa vyuo hapa Dodoma hunijia na ombi lile lile: "Broo, naomba waya wa HDMI, nichomeke king'amuzi kwenye laptopu niangalie mechi." Hoja yao inaeleweka. King'amuzi kina tundu la HDMI, laptopu ina tundu la HDMI, waya una vichwa viwili vinavyofanana, na geto halina televisheni. Wanachomeka, waya unaingia vizuri kabisa, halafu hakuna kinachotokea. Kesho yake kijana anarudi na waya mkononi akiamini nimemuuzia feki.

Waya ni mzima. Shida ni kwamba matundu yote mawili yanatoa. King'amuzi kinasukuma picha nje, laptopu nayo inasukuma picha nje, na hakuna wa kupokea. Ukiacha kompyuta chache sana, HDMI ya laptopu haiingizi kitu. Imewekwa ili ipeleke picha kwenye televisheni, monita au projekta. Anachohitaji kijana ni kifaa kidogo cha kunasia picha, chenye HDMI ya kupokea upande mmoja na USB upande wa pili. Laptopu hukiona kama kamera. Vya bei nafuu vipo, ila picha huchelewa kidogo, kwa hiyo jirani mwenye redio atashangilia goli kabla yako. Na chaneli nyingine za kulipia zina kinga ya kunakili: unaweza kufunga kila kitu sawasawa na bado ukatazama kioo cheusi.

Kwa maoni yangu, somo zima la vifaa vya kuingizia na vya kutolea liko hapo. Shuleni tulilikariri kwa safu mbili. Safu ya kushoto: kibodi, kipanya, skana, maiki. Safu ya kulia: monita, printa, spika. Mtihani ukaja, tukajaza, tukapata vema zetu. Mwalimu hakuuliza swali ambalo mafundi tunajiuliza kutwa nzima: kuingia wapi, na kutoka kwa nani?

Chukua kibodi, ambayo kila mtu ana uhakika nayo kwamba ni ya kuingizia. Bonyeza Caps Lock, kitaa kinawaka. Wengi hudhani kibodi imejiwashia yenyewe. Kwa kibodi nyingi za kuchomeka sivyo: kibodi imeiambia kompyuta kwamba kitufe kimebonyezwa, kompyuta ikapokea, ikarudisha amri kwamba taa iwake. Katika waya ule ule wa kuingizia kuna kitu kimetoka. Hii si falsafa, ni kipimo. Kompyuta ya mezani ikiganda na hujui kama imekufa au inasuasua, bonyeza Caps Lock mara mbili tatu. Taa ikiitikia, kompyuta bado inafikiri, ipe muda. Isipoitikia, shikilia kitufe cha kuzimia.

Printa nayo iko safu ya kulia, lakini ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba karatasi imeisha, kifuniko kiko wazi, au wino umekauka. Simu uliyoshika sasa hivi, kioo kile kile kinakuonyesha maandishi na kupokea kidole chako. Projekta, ukiwa upande wa kompyuta, ni ya kutolea. Ukiwa upande wa projekta, lile tundu ni la kuingizia, ndiyo maana rimoti yake ina kitufe kilichoandikwa Input au Source na siyo Output. Nimeona watu wazima, wasomi, wakikiogopa kitufe hicho eti kitaharibu mpangilio. Kibonyeze. Hicho ndicho kinachoiambia projekta isikilize tundu lipi.

Mji huu unaishi kwa mikutano. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la bajeti likiwa limekaa, kumbi zinagombewa. Miezi mingine ni warsha, semina elekezi, vikao vya wadau, mahafali na makongamano ya dini. Tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi, na baadaye Mtumba ikawa Mji wa Serikali, kazi ya kufunga mitambo ya mikutano imekuwa riziki ya watu kama mimi. Kila mkutano una dakika yake ya aibu: mgeni rasmi ameshaketi, mtoa mada ameshasimama, na ukutani kuna maandishi makubwa ya "No Signal". Hapo utasikia kutoka meza kuu, "Fundi yuko wapi? Mheshimiwa ana ratiba nyingine."

Mara nyingi anayetuumbua ni VGA. Ni lile tundu la bluu lenye pini 15 katika safu tatu na skrubu mbili za pembeni. IBM ililileta mwaka 1987, nalo likatawala miaka zaidi ya 20. Desemba 2010, Intel, AMD na watengenezaji wakubwa wa kompyuta na monita walitangaza kwamba wanaachana nalo, Intel na AMD wakitaja 2015 kuwa mwaka wa mwisho. Laptopu zikatii. Kuta za kumbi hazikusikia tangazo hilo. Mkandarasi alishapitisha waya wa VGA ndani ya plasta kutoka dari hadi meza kuu, na hakuna mwenye ukumbi atakayebomoa ukuta kwa sababu laptopu ya mgeni ni nyembamba.

Kwa hiyo tunaishi kwa adapta, na adapta ndiyo inayomfundisha mtu upande. VGA hubeba picha kwa umeme unaopanda na kushuka mfululizo. HDMI, iliyotoka mwishoni mwa 2002, hubeba tarakimu. Ndani ya kale kaplastiki keusi ka kutoka HDMI kwenda VGA kuna chipu inayotafsiri tarakimu kuwa umeme wa mfululizo, na inakula umeme mdogo wa volti 5 unaopita kwenye HDMI yenyewe. Ni kama barabara ya njia moja: ukiigeuza ili utoke kwenye laptopu kuukuu ya VGA uende kwenye televisheni ya HDMI, haifanyi kazi hata ukiibembeleza. Ya upande huo ni adapta nyingine, na utaitambua dukani kwa mkia wake wa USB, kwa sababu VGA haitoi umeme wa kutosha wa kuilisha, pamoja na waya mdogo wa sauti. Muuzaji akikwambia "hii inaenda kote kote" na haina mkia, muulize vizuri.

Kuna jambo la ndani zaidi hapa, nalo hunifurahisha kila linapotokea. Hata waya wa kutolea picha una mazungumzo madogo yanayorudi. Projekta au monita, ikichomekwa, huiambia kompyuta jina lake na ukubwa wa picha inayoweza kuonyesha. Kwenye VGA mazungumzo hayo hupita pini ya 12 na ya 15. Sasa waya wa ukumbi umevutwa, umekanyagwa na miguu ya viti, pini moja imepinda. Picha yenyewe inaweza kupita vizuri, lakini kompyuta haijui imeunganishwa na nani, inabahatisha, na herufi zinatoka nene kama za kitabu cha darasa la kwanza, au inakataa kabisa kwamba kuna skrini ya pili. Watu huwasha na kuzima kompyuta, wanaita draiva, wanalaumu Windows. Mimi huchomoa kichwa cha waya na kuhesabu pini kwa tochi ya simu. Ukikuta nafasi moja haina pini, usishtuke, vichwa vingi vya VGA hutengenezwa bila pini ya 9. Unatafuta iliyolala.

Sauti ndiyo inayochanganya wengi zaidi. VGA haibebi sauti hata kidogo. Ukicheza video, picha inakwenda ukutani na sauti inabaki kwenye laptopu, kwa hiyo unachomeka waya wa sauti kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye miksa, na mambo yanaenda. Siku wakikubadilishia projekta ya HDMI, unachomeka vile vile, na ukumbi unakuwa kimya. "Fundi, spika zimekufa!" Hazijafa. HDMI hubeba picha na sauti pamoja, kompyuta ikaona kuna mahali papya pa kutolea sauti, ikahamia huko, na sasa hotuba inasikika kwenye kaspika ka projekta kule darini. Bonyeza alama ya spika kulia chini ya skrini, chagua tundu la hedifoni, umemaliza. Ni kazi ya sekunde chache, lakini nimewahi kuona kikao kizima kikihamishiwa chumba kingine kwa ajili yake.

Wanakwaya na wanaorekodi mahubiri wana kesi yao ya upande wa pili. Kompyuta ya mezani ina matundu ya sauti yenye rangi: kijani ni la kutolea, la waridi ni la maiki, la buluu ni la kupokea sauti kutoka mtambo mwingine kama miksa. Laptopu za sasa nyingi zina tundu moja tu la milimita 3.5 linalobeba hedifoni na maiki kwa pamoja, na ndiyo maana kichwa cha hedifoni za simu kina mikanda mitatu myeusi badala ya miwili. Upande wa kuingilia wa tundu hilo umeandaliwa kupokea sauti dhaifu ya maiki. Ukilisukumia sauti nzito kutoka miksa, unapata rekodi inayokwaruza mwanzo hadi mwisho, na hakuna programu itakayoisafisha. Tafuta kadi ya sauti ya USB yenye tundu la kupokea kutoka mtambo. Au kama miksa yako ina USB yake, tumia hiyo na usijisumbue.

USB yenyewe ilipoanza mwaka 1996 ilikuja kuondoa fujo. Kabla yake, nyuma ya kompyuta kulikuwa na tundu la zambarau la kibodi, la kijani la kipanya, refu la pini 25 la printa, dogo la pini 9 la vifaa vingine. Zambarau na kijani vilikuwa na umbo moja kabisa. Kwenye mashine nyingi ukivibadilisha hakuna kinachofanya kazi na hakuna ujumbe wa kukuambia. Bado zipo steshenari hapa mjini zenye mashine hizo, na zinachapa kazi kuliko baadhi ya vioo vya kugusa vya juzi.

Waliobuni USB walifanya jambo la busara ambalo watu wengi hawalioni: waliuweka upande ndani ya umbo. Kichwa bapa kinaelekea kwa mwenyeji, yaani kompyuta. Kichwa cha mraba kinaelekea kwa mgeni, yaani printa au skana. Huwezi kukosea kwa sababu hakiingii. Mwenyeji ndiye anayetoa umeme, volti 5, na ndiye anayeanzisha mazungumzo yote. Mgeni husubiri aulizwe. Hata ndani ya kichwa bapa, pini mbili za pembeni, za umeme, ni ndefu kuliko mbili za kati za data, ili kifaa kiamke kwanza ndipo kiulizwe.

Umeme huo una kikomo. Tundu la USB 2 limepangiwa miliampea 500, la USB 3, ambalo mara nyingi lina ulimi wa bluu, 900. Diski ya nje inayolia tik-tik-tik na kupotea kwenye skrini, mara nyingi haijafa bado. Imechomekwa tundu la mbele la kompyuta ya mezani, lenye waya mwembamba wa ndani, au kwenye habu iliyojaa flashi na feni ya mezani. Ihamishie tundu la nyuma kabla hujaanza kulilia picha za harusi.

Kisha zikaja simu. Simu ukiichomeka kwenye kompyuta ni mgeni, lakini ukitaka isome flashi lazima iwe mwenyeji. Ndipo ukazaliwa waya wa OTG, ambao kila muuza vifaa vya simu pale Sabasaba anao. Kwenye tundu la zamani la micro-USB kulikuwa na pini ya ziada iliyofanya kazi hiyo peke yake: ikiwa imeunganishwa na pini hasi (ground) ndani ya waya, simu inajua leo yeye ndiye mwenye nyumba.

Type-C, umbo jipya la tundu la USB, ilipotoka mwaka 2014 ikavuruga utaratibu wote huu, na mimi sijawahi kuisifu kama wengine wanavyoisifu. Ina pini 24, inaingia kwa upande wowote, inabeba umeme, data na picha. Lakini umbo halisemi tena nani anatoa na nani anapokea. Vifaa viwili vikikutana vinalazimika kwanza kujadiliana kupitia pini maalumu. Unganisha simu mbili kwa waya wa Type-C na utaona moja inaanza kuichaji nyingine, na si lazima iwe ile uliyoitaka. Chomeka pawabenki kwenye laptopu na unaweza kukuta laptopu ndiyo inayoilisha.

Balaa kubwa zaidi ni kwamba matundu mawili ya Type-C, yaliyokaa bega kwa bega kwenye laptopu moja, yanaweza kuwa na kazi tofauti. Moja linatoa picha, jingine data tu. Mtoa mada amenunua adapta ya Type-C kwenda HDMI, nzuri, ya gharama, na laptopu yake haijawahi kuwa na uwezo wa kutoa picha kupitia tundu hilo. Hakuna fundi wa kumsaidia. Angalia alama iliyochapwa pembeni ya tundu: radi yenye mshale ni Thunderbolt, ambayo hutoa picha, alama ya herufi D iliyobeba P ndani yake ni DisplayPort, nayo hutoa picha, ukikuta alama ya USB peke yake, usitegemee, na kama hakuna alama kabisa, soma maelezo ya modeli kabla ya siku ya mkutano.

Waya nao wamo kwenye mchezo. Nyaya nyingi za bei ya kutupa zina pini za umeme tu. Simu inachaji, mwenye nao anaridhika, siku anataka kuhamisha picha kwenda kwenye kompyuta anaambiwa na rafiki yake kwamba simu ina virusi. Badilisha waya kwanza. Na waya unaobeba data polepole na chaji haumaanishi unabeba picha. Umoja wa Ulaya umelazimisha Type-C kwa simu mpya zinazouzwa huko tangu 28 Desemba 2024, na kwa laptopu kuanzia 28 Aprili 2026, kwa hiyo hata tusioishi huko tutaletewa tundu hili hili kila mahali. Limeshashinda. Tujifunze tu kulisoma.

Kwa wenye maduka nina neno fupi. Kisomaji cha msimbo pau, kile cha mwanga mwekundu, kwa kompyuta ni kibodi tu. Fungua ukurasa mtupu wa kuandikia, elekeza kwenye sabuni, namba zitajichapa na kushuka mstari. Zikijichapa, kisomaji kizima; tatizo liko kwenye programu yako ya mauzo, na usikubali kuuziwa kisomaji kipya.

Tuje kwenye adui wa nyumbani. Julai na Agosti upepo wa Dodoma hauachi kitu. Vumbi linaingia kwenye uji, sembuse tundu la Type-C ambalo kutwa linashinda mfukoni. Waya unaanza kulegea, unachaji ukiushikilia kwa pembe fulani, na mwenye simu anakwenda kubadilisha "mfumo wa chaji" kwa fedha nyingi. Zima simu, chukua kijiti cha mti cha kuchokonolea meno, kipitishe taratibu pembeni ya ulimi wa kati, na utatoa kabonge ka vumbi na nyuzi za suruali. Sindano na pini ya nywele ni marufuku: pini 24 hazina nafasi ya kuvumilia chuma. Projekta nazo zina kichujio cha hewa pembeni, ambacho kwa hali ya huku kinataka kusafishwa mara nyingi kuliko kitabu chake kinavyosema. Ikizima yenyewe katikati ya mada, kwanza gusa ubavu wake uone kama umepata joto kali.

Kila mwaka, kabla ya Julai mosi, ofisi huandaa mahitaji ya mwaka mpya wa fedha. Maelezo ya vifaa ninayoyaona mara nyingi husema "laptop yenye USB-C" na "projector yenye HDMI", na yanapandishwa hivyo hivyo kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Yakipita hivyo, mzabuni ataleta kitu kinacholingana na maneno na kisichofanya kazi pamoja, na hatakuwa amevunja mkataba. Andika kwamba Type-C iwe na uwezo wa kutoa picha na kupokea chaji. Andika projekta iwe na angalau HDMI mbili za kuingiza, na kama ukumbi wenu una VGA ukutani, taja adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA kwa mwelekeo huo. Andika urefu wa kebo. Ya mita moja na nusu haifiki darini. Na siku ya kupokea mzigo, kabla mtu wa stoo hajasaini, laptopu na projekta vitolewe kwenye maboksi, vichomekwe hapo hapo, na video yenye sauti ichezwe hadi mwisho.